Chuma Kimegoma, Paja Limeshika: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadili Programu

Mchezaji akikwama, makocha wengi hukimbilia kubadili programu. Zoezi jipya linatoka YouTube, siku za mazoezi zinaongezwa, vijana wanaambiwa wakanunue unga wa protini. Wiki tatu baadaye tatizo liko palepale, na sasa hakuna anayejua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu, maana vitu vitano vimebadilishwa kwa mkupuo.

Haya ni maelezo kwa kocha wa viungo wa timu ya kawaida, yule mwenye vyuma vichache, uwanja wa kuazima na wachezaji wanaofika mazoezini wakitoka vibaruani. Yamepangwa kwa malalamiko utakayoyasikia. Ila kabla ya lalamiko lolote, pata kwanza majibu ya maswali matatu: daftari linasema amefanya nini wiki nne zilizopita? Anafanya nini usipokuwepo? Amekula, amelala na ameugua vipi?

Swali la pili ndilo linalofichwa kuliko yote. Kijana anaweza kuwa amecheza ndondo mtaani Jumamosi na Jumapili kwa posho kidogo, akaja Jumatatu anachechemea na kukuambia yuko fiti. Usimfokee. Ukimfokea leo, kesho hasemi, na utabaki unampangia mazoezi mtu usiyemjua.

Kama huna daftari, lianzishe kwa njia rahisi iliyoenezwa na mtafiti wa Marekani, Carl Foster. Nusu saa hivi baada ya mazoezi, muulize kila mmoja: ugumu wa leo, kuanzia 0 hadi 10, ulikuwa ngapi? Zidisha jibu kwa dakika alizofanya kazi. Dakika 90 kwa ugumu wa 7 ni 630. Ndondo ya dakika 90 kwa ugumu wa 9 ni 810, na hiyo ndiyo mechi ambayo haikuwa kwenye mpango wako. Namba moja peke yake haisemi kitu. Ilinganishe na wiki zake mwenyewe zilizopita, si na za mwenzake, na mruko wa ghafla utauona kwa macho.

"Mwalimu, chuma kimegoma"

Uliza kwanza ana muda gani tangu aanze. Anayeanza hupanda haraka sana wiki za mwanzo, na sehemu kubwa ya kupanda huko haitokani na msuli kukua. Mfumo wa fahamu ndio unaojifunza kuita nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, kama Moritani na deVries walivyoonyesha mwaka 1979. Somo hilo likishaiva, kasi hupungua, kwa sababu sasa msuli wenyewe unatakiwa ukue, na huko ni kwa miezi. Kijana wa wiki ya nane anayelalamika kwamba "haongezeki kama zamani" hana ugonjwa. Anaongezeka kwa mwendo wa kawaida.

Kama ana mwaka na zaidi, kagua mzigo wenyewe. Jimu nyingi za mtaani hutumia makopo yaliyojazwa zege. Nenda nayo kwenye mizani ya duka la nafaka. Utakuta lililoandikwa 20 lina kilo 17, na pacha wake wa upande wa pili lina 22. Mchezaji anayelalamikia bega la upande mmoja huenda ameumizwa na zege. Andika uzito halisi kwa rangi, kisha ndipo uanze kuzungumzia maendeleo.

Halafu angalia hatua za kupandia. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika mwaka 1945 jinsi alivyowarudishia nguvu wagonjwa kwa kuongeza mzigo kidogo kidogo, kadiri msuli unavyoimarika. Kanuni hiyo bado ndiyo roho ya kazi hii. Tatizo letu ni kwamba pleti ndogo hazipatikani, kwa hiyo mchezaji anaruka kutoka kilo 60 hadi 70 kwa siku moja na kugonga ukuta. Jaza mchanga kwenye vifuko vya kilo moja moja na uvifunge kwenye ncha za chuma. Au acha uzito ulivyo na uongeze marudio. Kuna hesabu ya kukadiria uwezo wa juu kabisa, yaani uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara moja tu: gawa marudio kwa 30, jumlisha 1, zidisha kwa uzito. Kilo 80 kwa marudio 8 ni takriban 101. Kilo hizohizo kwa marudio 10 ni takriban 107. Chuma hakijabadilika, lakini mtu amepanda. Hesabu hii huanza kudanganya marudio yakizidi kumi, usiitumie huko.

Wengine hukwama kwa kufanya kazi kupita kiasi. Kila seti, yaani mfululizo wa marudio bila kupumzika, inakwenda mpaka mikono inatetemeka na mwenzake anamwinulia chuma kifuani. Inapendeza kwenye simu, lakini wiki nzima inayofuata anabeba uchovu. Mwambie aweke seti chini akiwa bado na marudio mawili ndani yake. Atafanya seti nyingi safi zaidi kwa mwezi, na hizo ndizo zinazojenga.

Chanzo kikubwa zaidi kwenye timu za mpira, kwa maoni yangu, ni mchakamchaka. Mwaka 1980 Robert Hickson wa Marekani alichapisha jaribio la wiki kumi. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya nguvu tu, la pili mazoezi ya pumzi tu, la tatu yote mawili. Kundi la tatu lilipanda nguvu sawasawa na la kwanza kwa wiki kadhaa, kisha likasimama, na wiki mbili za mwisho likaanza kushuka. Pumzi yao haikuathirika. Tafiti za baadaye zimepunguza makali ya habari hiyo, kwani Hickson aliwapa watu kazi nzito mno, karibu kila siku. Kwa mzigo wa kawaida, nguvu na ukubwa wa msuli haviathiriki sana. Kinachoumia zaidi ni nguvu ya mlipuko, ile inayotoka ghafla kama ya kuruka, hasa mbio ndefu na vyuma vikichanganywa kwenye kipindi kimoja.

Dawa yake ni ratiba. Usiwakimbize kilomita nane asubuhi halafu saa hiyohiyo uwapeleke kwenye skwati, kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani. Vitenganishe kwa saa sita au zaidi: vyuma asubuhi, mpira jioni. Kama mna kipindi kimoja tu kwa siku, vyuma vitangulie na mbio zifuate. Na uwe tayari kuvutana na kocha mkuu, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba timu isiyotapika haijafanya mazoezi.

"Nina nguvu, lakini sikimbii"

Mchezaji ameongeza kilo 30 kwenye skwati, na beki bado anamwacha. Sababu ni muda. Msuli huchukua zaidi ya sehemu tatu za kumi za sekunde kufikisha nguvu yake yote. Mguu wa mtu anayekimbia kwa kasi kamili hukaa chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nguvu ambayo haitoki ndani ya muda huo haisaidii kukimbia, hata iwe nyingi kiasi gani.

Kwa hiyo mpe kazi ya haraka. Mbio za mita 20 hadi 30 kwa kasi yote, na apumzike dakika mbili au tatu kati ya moja na nyingine. Hapo ndipo wengi huharibu. Kocha akiona vijana wamesimama anadhani wanategea, anapunguza mapumziko, na zoezi la kasi linageuka zoezi la pumzi. Mita 30 ya nne ikiwa polepole kuliko ya kwanza kwa tofauti inayoonekana, funga zoezi. Ongeza na miruko michache, mtu akitua kimya na kuruka tena mara moja, siku ambayo miguu haijachoka.

Neno kuhusu ufukwe. Timu za Dar hupenda kwenda Coco Beach kipindi cha maandalizi ya msimu, na mchanga una faida zake: hautingishi viungo sana na unachosha haraka. Lakini mchanga unazama, mguu unakaa chini muda mrefu, na mtu hafikii kamwe kasi anayoifikia kwenye ardhi ngumu. Timu iliyojiandaa mwezi mzima ufukweni inakutana na kasi yake kamili kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Hapo ndipo lalamiko linalofuata linapozaliwa.

"Paja limeshika tena"

Hili ndilo jeraha la msuli linalosumbua mpira kuliko mengine, basi tulipe nafasi yake.

Tenganisha kwanza aina za maumivu. Kama alikuwa katika mbio kali, akahisi kitu kimechomoka au kukatika nyuma ya paja, akasimama papo hapo, huo ni mchaniko wa nyama za paja mpaka ithibitike vinginevyo. Kama maumivu yalikuja polepole, yanashuka mpaka chini ya goti, yana ganzi au yanazidi akikaa muda mrefu kwenye daladala, kagua mgongo, kwani mshipa wa fahamu unaweza kuwa unabanwa huko juu. Kama maumivu yako juu kabisa karibu na mfupa wa makalio, damu imevilia na hawezi kutembea vizuri, mpeleke hospitali akapigwe picha. Kano huko inaweza kuwa imeng'oka, na hiyo haiponi kwa barafu.

Mchaniko wa kawaida hutokea mguu uliorushwa mbele unapokaribia kukanyaga. Wakati huo nyama za nyuma ya paja zinafanya kazi ya breki huku zikirefushwa. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini kujinyoosha kabla ya mechi peke yake hakukingi. Msuli haukushindwa kwa sababu ni mfupi tu. Ulikosa nguvu ya kujizuia ukiwa mrefu.

Zoezi linaloujengea nguvu hiyo halihitaji chuma. Mchezaji anapiga magoti kwenye mkeka au jezi zilizokunjwa, mwenzake anakandamiza vifundo vyake vya miguu, naye anajishusha mbele taratibu, mwili umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, akipambana na anguko mpaka anashindwa na kujidaka kwa mikono. Huko Denmark lilijaribiwa kwa wachezaji 942, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Katika timu zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida palitokea majeraha 52 ya nyama za paja. Katika zilizoongeza zoezi hili yalikuwa 15. Ukubwa wa makundi ulikaribiana.

Basi kwa nini timu nyingi hulijaribu na kuliacha? Kwa sababu kocha huanza na seti tatu za kumi siku ya kwanza. Kesho yake hakuna anayeweza kuvaa viatu, na zoezi linapewa jina baya. Wadenmaki walianza na kipindi kimoja tu kwa wiki, seti mbili za marudio matano. Wiki ya pili vipindi viwili vya seti mbili za sita. Kuanzia ya tatu vipindi vitatu, na kazi ikapanda polepole hadi kufikia seti tatu za marudio 12, 10 na 8. Msimu ukishaanza, kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kulinda kilichojengwa. Lifanyike mwisho wa mazoezi, na lisifanyike siku ya kuamkia mechi.

Anayeumia paja lilelile mara kwa mara ana sababu nyingine: jeraha la mwanzo halikumalizwa. Jeraha la awali ni miongoni mwa viashiria vikubwa kabisa vya jeraha jipya. Maumivu yakiisha, mchezaji hudhani amepona. Akajaribiwa kwa kukimbia mduara wa uwanja taratibu, akapewa jezi, dakika ya ishirini anashika paja. Kabla ya mechi lazima awe amekimbia mazoezini kwa kasi inayokaribia kamili, siku kadhaa tofauti, bila kusikia chochote siku ya pili yake. Na katika siku za kwanza baada ya mchaniko, dawa ya kuchua na vidole vya nguvu viwekwe kando. Kulikanda jeraha bichi kwa nguvu huongeza kuvuja damu.

Angalia pia daftari lako. Wiki ya jeraha, kasi kali iliruka ghafla? Alikuwa amekaa benchi mwezi, kisha akacheza mechi mbili ndani ya siku nne? Wachezaji wa akiba wanahitaji kukimbia kasi kamili walau mara moja kwa wiki, hata kama ni baada ya mechi, jua likizama, mashabiki wakiwa wameshaondoka.

"Goti linauma nikianza, likipata moto linaacha"

Maumivu anayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, chini tu ya pia ya goti, yanayotulia baada ya kupasha mwili na kurudi asubuhi inayofuata, kwa kawaida ni kano iliyoongezewa mzigo haraka kuliko ilivyoweza kuzoea. Kano hubadilika polepole kuliko msuli. Kumpumzisha kabisa mwezi mzima kunaondoa maumivu na kudhoofisha kano, kisha anarudi kwenye miruko ileile na hadithi inaanza upya. Punguza miruko na kasi, lakini mwachie mzigo mzito wa polepole: skwati za kushuka kwa hesabu ya tatu na kupanda kwa hesabu ya tatu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi asubuhi yake goti lisiwe baya kuliko jana.

Kano ya kisigino nayo hupenda kazi. Mswidi Håkan Alfredson alieleza mwaka 1998 mpango wa kujishusha kwa kisigino kwenye ukingo wa ngazi, seti tatu za 15, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Wiki 12, si siku 12.

Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 15 mwenye kinundu kinachouma chini ya goti, kwa kawaida ni sehemu ya mfupa inayokua ikivutwa na kano. Punguza miruko na mbio kwa muda, naye ataendelea. Goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kujipinda, au linalokwama na kukataa kunyooka, si kazi yako. Ni la daktari.

"Mwili mzito, mwalimu"

Usiseme mvivu. Na usiseme "amezidisha mazoezi" kabla ya kupima vitu vya kawaida zaidi.

Cha kwanza ni malaria. Uchovu, viungo kuuma na kichwa kizito hufanana sana na uchovu wa mazoezi, na kipimo chake ni tone la damu. Cha pili ni upungufu wa damu, hasa kwa wachezaji wa kike wanaopata hedhi nzito, na kwa vijana waliokulia kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho ni cha kawaida. Hapa kuna tabia yetu moja inayochangia: chai ya majani mara tu baada ya kula. Chai huzuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga kufyonzwa. Ihamishie saa moja au mbili mbali na mlo, na kwenye mlo weka chungwa au embe, kwani vitamini C husaidia chuma hicho kuingia.

Mchezaji wa kike ambaye hedhi imekata miezi mitatu hajapata "ishara ya kuwa fiti", kama wengine wanavyodai. Mara nyingi anakula pungufu ya anachotumia, na mifupa yake imo hatarini. Aongezewe chakula na aonwe na daktari. Kocha wa kiume anaweza kuona haya kuliuliza hili. Basi timu iwe na mama au dada anayeaminika wa kuliuliza.

Chakula kwa wote: gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinamtosha mtu anayejenga msuli. Kwa kilo 70 hizo ni 112. Yai moja lina takriban 6, nusu lita ya maziwa takriban 16, na dagaa wakavu ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Dagaa, maharage, maziwa na mayai vinafika huko bila kopo la unga lenye picha ya Mmarekani. Na asikate ugali au wali kwa kuogopa kitambi. Miguu isiyo na wanga haikimbii kipindi cha pili.

Mwezi wa Ramadhani, sogeza vyuma karibu na futari au baada ya tarawehe, punguza seti, lakini usipunguze uzito kwenye chuma. Nguvu hutunzwa kwa kazi ndogo sana, hata theluthi ya ile ya kawaida, almradi mzigo ubaki mzito. Wachezaji hurudi Shawwal wakiwa na nguvu zao zilezile. Anayewaongezea mbio mchana ili "wasishuke" ndiye anayewashusha.

Ukishayaondoa yote hayo, na usingizi ukiwa sawa, mpunguzie nusu ya kazi kwa wiki moja hadi mbili. Wengi huamka. Asiyeamka baada ya hapo hahitaji kocha mwingine wa viungo. Anahitaji vipimo.

"Mkojo umebadilika rangi"

Timu imefungwa, kocha amekasirika, adhabu ni kichurachura uwanja mzima, mara kadhaa. Au mgeni wa jimu amefanyishwa skwati mia mbili siku yake ya kwanza. Kuuma misuli ni kawaida. Huanza kesho yake, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hushuka. Lakini mapaja yakivimba na kukaza, maumivu yakapita kiasi, nguvu zikaisha na mkojo ukawa wa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, seli za msuli zimepasuka kwa wingi na yaliyomo yamemwagika kwenye damu. Figo zinaweza kushindwa kuyachuja. Joto la pwani na kukosa maji huongeza hatari, na walio na selimundu, hata wale waliorithi kwa mzazi mmoja tu na hawajawahi kuugua, wamo hatarini zaidi.

Usimwambie anywe maji alale. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mtu aliyekuwepo mazoezini amsindikize ili amweleze daktari ni zoezi gani lilifanyika, kwa muda gani, na lini. Bila maelezo hayo, mkojo mweusi kwa kijana unaweza kutibiwa kama malaria kali au kichocho, na saa zikapotea. Wapigie simu na wengine walioadhibiwa naye, kila mmoja, uwaulize mkojo wao una rangi gani.